Mama hataki tena kuombewa macho kwenye jumuiya, ni imani imeisha au sisi ndo tumekosea?

binti_wa_mwaloni

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, na kwa wenzetu wa makanisa mengine Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni.

Naomba mnivumilie itakuwa ndefu, maana hapa mtaani sina wa kumwambia bila habari kufika sokoni kabla yangu.

Mama yangu ana miaka 76. Tupo Kibirizi hapa Kigoma, yeye maisha yake yote ni dagaa, alianza kuanika akiwa binti enzi hizo wanatandaza chini kwenye mchanga, vichanja vimekuja yeye keshakuwa mtu mzima, na kwa hao hao dagaa katulea watoto sita maana baba alifariki mdogo wetu wa mwisho hajaanza hata shule. Jumuiya yetu nayo ni kama yeye ndo kailea. Miaka na miaka alikuwa ndiye anayeanzisha rozari, na mtu akifiwa saa nane usiku yeye ndo wa kwanza kufika kanga begani. Nasema haya ili mjue sio mtu wa imani ya juzi.

Shida zetu zilikuja zimeongozana. Maji ya ziwa yalipopanda ile 2020 kwenda 2021 tukahama tulipokuwa tunakaa tukaenda kupanga juu kidogo. 2024 ziwa likafungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane, na mi sipingi maana dagaa walikuwa wamepungua kila mtu anaona, ila sisi wa kuanika miezi ile tulikaa vichanja vitupu, mtaji ukaliwa wote ukaisha. Jumuiya ndo ilitubeba, huyu analeta mihogo, huyu chupa ya mawese, hakuna aliyetangaza. Nakumbuka Jumapili ile ya mababu na wazee, 28 Julai, padri akasoma Zaburi "usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache", mama akanishika mkono kwenye benchi akanibana mpaka tukamaliza.

Alafu ndo macho. Alianza kusema dagaa wa leo wana mchanga mwingi kumbe hawaoni vizuri anashindwa kuchambua. Hospitali wakatuambia jicho la kulia ni presha ya macho, limeshaenda halirudi, la kushoto ni mtoto wa jicho wanaweza kufanya upasuaji ila presha ya damu ishuke kwanza, na mpaka leo haijashuka vizuri.

Sasa kilichotokea. Mwezi juzi Jumamosi tuko jumuiya, mama mmoja mtu wa maombi kweli kweli, nampenda na ni jirani mwema, akasema leo hatutoki hapa mpaka bibi aone. Tukaomba. Kaweka mikono kwenye macho ya mama, watu wote tumesimama, yani dakika arobaini nzima, jua lishakuwa kali na watoto wanalia njaa. Akamwambia fungua macho bibi hivi ni vidole vingapi. Mama kimya. Tukaomba tena. Vidole vingapi. Kimya. Mara ya tatu mama akasema viwili, watu wakalipuka kwa vigelegele na kuimba, mi mwenyewe nilipiga kigelegele.

Tumefika nyumbani akakaa kwenye mkeka akaniambia, mwanangu mi sikuona kitu, nimebahatisha tu ili watu wakapike, nimedanganya mbele ya Mungu kwa uzee wangu huu. Akalia. Mama yangu sijamwona akilia tangu msiba wa baba.

Tangu siku hiyo haendi, na amesema sitaki tena kuombewa macho. Habari ilipofika kule (nani kasema sijui) kuna mtu akasema basi kuna kitu hajakitubu ndo maana. Hilo neno limemfikia pia.

Lakini ngoja niwaambie ninachokiona mi. Saa kumi na moja alfajiri anatoka anakaa kwenye kigoda nje ana rozari yake, sio ya dukani, kaka yangu alimfungia kwa uzi wa nyavu, punje zote ni mafundo, la Baba Yetu ni fundo kubwa. Anapitisha kidole gumba fundo kwa fundo. Anaongea Kiha, anataja watu. Anataja mtaa mzima, anataja watoto waliozaliwa wiki hii, anataja hadi yule mama wa vidole na mume wake anayekunywa. Nimekaa nyuma ya mlango asubuhi nyingi tu, sijamsikia hata siku moja akiomba macho.

Sasa naomba mnisaidie kwa upendo. Je huku ni kukata tamaa, mtu anapoacha kuomba uponyaji si ndo imani imeisha? Na sisi jumuiya tuendelee kumuombea apone au kuna umri unafika mtu unaacha tu? Na nitamrudishaje pale, maana bila yeye hata rozari inaenda kama mashua iliyokosa kasia.

mama_wa_Gungu

Pole sana mdogo wangu, nimesoma nimefuta machozi. Mama yako ni muumini kuliko wote waliosimama pale, na ile ya "hajatubu" usiichukue hata kidogo. Ayubu rafiki zake walimwambia maneno hayo hayo na Mungu mwishoni akawakasirikia wao sio Ayubu.

Nikwambie ya kwetu. Baba mkwe wangu alipoziba masikio jumuiya walimwekea kiti cha plastiki karibu na mlango, anakaa pale kama mtungi. Watu wanasali "Bwana uwakumbuke wazee wetu" na mzee mwenyewe yupo hapo hapo hakuna anayemtazama. Akawa hataki kwenda, tukasema uzee, kumbe alikuwa anaona tunamsalia kama mtu asiyekuwepo. Siku moja mwenyekiti wetu, Mungu ambariki, akamwambia baba kuanzia leo wewe ndo utataja marehemu. Maana yeye peke yake ndo alikuwa anawakumbuka wote, toka wale wa kwanza kabisa waliojenga kigango, na watoto wachanga waliokufa bila hata watu kujua majina yao. Basi ikifika sehemu hiyo anasimama na fimbo, anataja, sauti kubwa kwa sababu hajisikii, na watu wanatulia mno. Kuna mama alisikia jina la mtoto wake aliyemzika miaka thelathini nyuma akaanguka kwenye mapaja ya mwenzake. Miaka minne alifanya hivyo mpaka na yeye tukamtaja.

Mpe mama kazi mdogo wangu. Msimwite aje kuombewa, mwite aje kusali.

Mpendwa_Kasulu

Bwana Yesu asifiwe. Mi naomba nitofautiane kidogo na naomba msinichukie, mi ni mlokole na nimeona watu wakipona kwa macho yangu haya.

Kile cha vidole kilikuwa kosa, hilo nakubali, mtu hapimwi imani kama yuko kliniki mbele ya watu. Ila kusema eti tuache kuomba uponyaji kwa sababu mtu ana miaka 76 mi siwezi. Nani kaweka umri? Musa alikufa na miaka 120 na Neno linasema jicho lake halikupofuka wala nguvu zake hazikupunguka, ni Kumbukumbu 34:7. Tukianza kusema huyu mzee basi aachwe, kesho tutasema hata dawa asipewe, na hilo nimeliona kwenye familia nyingi tu, mzee anaumwa wanasema ni uzee kumbe ni malaria. Mi bibi yangu walimwambia magoti ni umri, tukaomba na tukampeleka akapata dawa na leo anaenda shamba. Kwa hiyo ombeni na huo upasuaji msiuache, presha ishushwe kwa bidii.

Kitu kimoja lakini nimekiwaza wakati naandika hapa. Bartimayo alipokuja, Yesu anaona kabisa huyu ni kipofu, na bado akamuuliza wataka nikufanyie nini. Alimuuliza kwanza. Sasa dada nyie mlimuuliza bibi?

binti_wa_mwaloni

@Mpendwa_Kasulu sikuchukii kaka, na ile ya kusema uzee kumbe ni malaria ni kweli tupu. Ila swali lako la mwisho limenikalia kooni. Hapana. Hatukumuuliza. Mi mwanae kabisa sijamuuliza.

Asanteni dada wa Gungu. Ngoja nikae nae leo jioni.

fundi_simu_Mwanga

Zaburi 71 yote mkasome na mama, imeandikwa na mtu mwenye mvi. Pole dada.

binti_wa_mwaloni

Nimerudi. Nimemuuliza jana.

Nilimkuta anachambua maharage kwa vidole, anayajua mabovu kwa kuyagusa. Nikamwambia mama tukikuombea unataka tukuombee nini. Akanyamaza sana nikadhani hakunisikia. Alafu akasema, usiku.

Nikamuuliza usiku gani. Akasema usiku wa giza ye hana shida, maana wavuvi wanaingia ziwani, anasikia injini zinatoka, wanaitana, anajua huyu ni mtumbwi wa fulani, anawasalia mmoja mmoja mpaka usingizi unamchukua. Ila mbalamwezi ikija watu hawavui dagaa, zile siku zote ziwa linanyamaza kabisa, hakuna injini hakuna mtu, na hapo anaamka hajui kama ni usiku au amekufa. Akasema "Nyie mnafurahia mbalamwezi, mi ndo giza langu." Akasema anaogopa, na anaona aibu kuogopa kwa sababu yeye ndo alikuwa anawaambia wafiwa wasiogope.

Wapendwa mi nalala chumba cha pili, ukuta mmoja tu. Sikujua.

katekista_mstaafu_Tbr

Tumsifu Yesu Kristo binti yangu. Mimi niko Tabora, nimefundisha dini vigangoni kwa muda mrefu sasa nimepumzika, miguu imekataa baiskeli.

Nianze na alipoishia ndugu yetu wa Kasulu. Musa ni kweli, lakini Biblia hiyo hiyo inasema Isaka alipokuwa mzee macho yake yakapofuka asione, na Yakobo vilevile macho yakawa mazito kwa uzee. Wazee wetu wawili wa imani, vipofu. Na ukitazama vizuri, kazi yao kubwa ya kubariki wote wawili waliifanya wakiwa hawaoni. Yakobo alipitanisha mikono juu ya wajukuu, Yusufu akadhani mzee amekosea kwa sababu haoni, akataka kumshika mkono amrekebishe, mzee akamwambia najua mwanangu najua. Na Waraka kwa Waebrania unamkumbuka akiabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake. Basi yule anayemuombea mama yako aone aendelee, sio dhambi, lakini asifikiri mama asipoona Mungu hayupo pale kwenye kigoda.

Pili, hilo la usiku. Mama yako anasali rozari, na Jumamosi ni matendo ya furaha. Tendo la nne Yesu anatolewa hekaluni, na waliompokea ni nani? Wazee. Simeoni, na Ana mjane wa miaka 84. Vijana wote wa Yerusalemu siku hiyo walikuwa na shughuli zao. Sasa yale maneno ya Simeoni, "Sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako, kwa amani", Kanisa limeyaweka kwenye Sala ya Mwisho, ile ya kabla ya kulala, kila usiku, na wanaoyasema ni mapadri, masista, watawa wa dunia nzima, hata novisi wa miaka ishirini. Sio sala ya kuita kifo. Ni sala ya kukabidhi usiku. Mfundishe, au kwa kweli atakuwa anaijua, mkumbushe tu. Akiamka katika ule ukimya ajue saa hiyo kuna watu wengi wameyasema hayo maneno ya mzee mwenzake. Lakini maneno peke yake hayatoshi, mtu anayeogopa usiku anahitaji mtu karibu. Jumuiya ipange.

Tatu, mwite padri ampe mpako wa wagonjwa.

kijana_wa_parokia

Shikamoo katekista. Samahani kuuliza, mpako si wa mtu anayekata roho? Mbona bibi haumwi hivyo, si mtamuogopesha zaidi?

katekista_mstaafu_Tbr

Marahaba mwanangu. Hilo ndilo linalotuumiza, watu wakiona padri anaingia na mafuta wanaanza kutafuta turubai la msiba. Zamani ndiyo uliitwa mpako wa mwisho, lakini tangu Papa Paulo wa Sita alipotoa utaratibu mpya mwaka 1972 umewekwa wazi ni wa wagonjwa, na mzee aliyedhoofika anaweza kuupokea hata kama hana ugonjwa wa hatari. Na unarudiwa hali ikibadilika, na kabla ya upasuaji pia unaruhusiwa kama ugonjwa wenyewe ni mzito. Yakobo 5 inasema awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Tazama anayeita. Mgonjwa ndiye anaita. Hawaji kumvamia.

Niongeze moja alafu nipumzike mkono. Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika hapa Tabora, nilikuwepo, nilikuwa na nguvu nimetembea na vijana wangu kutoka kigangoni. Tulimwona anatembea imara kabisa, sauti inajaa uwanja. Pasaka ya 2005 nikamwona kwenye televisheni ya jirani, dirishani, anataka kusema neno sauti haitoki, akabariki kwa mkono tu basi. Siku chache baadaye, 2 Aprili, akafariki, ana miaka 84. Nilisikia watu wanasema angejificha, wanamwonyesha wa nini katika hali ile. Mimi nasema yale mahubiri ya 1990 mengi nimeyasahau, ule mkono dirishani sijausahau.

Mzee_wa_Gati

Wajukuu hamjambo. Mi sijui kuandika vizuri kwenye hii simu mjukuu ndo ananisaidia mi nasema ye anaandika kwa hiyo mkiona makosa ni ya wote wawili.

Nimefanya kazi kwenye meli ya Liemba hapa ziwani miaka mingi, chumba cha injini na baadaye juu. Mnajua historia yake, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 wasiichukue maadui zao, 1924 ikatolewa chini ya maji na 1927 ikarudi kazini, na sababu mashine hazikuoza ni kwamba kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka grisi nzito kila mahali. Sasa binti anauliza imani ya mama imeisha. Mwanangu huyo mama amepaka grisi miaka sabini. Sasa hivi yuko chini ya maji ndiyo, lakini usiseme imeoza, we hujaifungua.

Ila nilitaka kusema kingine. Huku kusini vituo vingi Liemba haikuwa na gati, tunasimama katikati, tunapiga honi, mitumbwi inatoka kijijini inakuja ubavuni na abiria, mara nyingi ni usiku wa manane na mawimbi yapo. Mtumbwi unapanda unashuka. Kijana anaruka mwenyewe. Mzee harukii, mzee inabidi asimame kwenye mtumbwi wenzake wamshike kiuno, anyooshe mikono juu gizani, na sisi huku juu tunainama tunamdaka viganja tunamvuta. Na ugumu wote uko hapa, lazima aachie mtumbwi. Nimevuta bibi wengi sana. Wanaong'ang'ania ukingo wa mtumbwi kwa mkono mmoja na kutupa mkono mmoja ndo wanaumia, mawimbi yanawagawa. Kuna bibi mmoja alikuwa anatetemeka mtumbwi mzima unatetemeka, nikamwambia bibi leta mikono, akaniuliza wewe nani, sikuwa na jibu, nikamwambia tuko wengi huku bibi. Akaleta yote miwili. Mwepesi kama kuku. Tukamkalisha kwenye gunia la mchele akaanza kuimba taratibu wimbo wa kwao.

Bwana alimwambia Petro utakapokuwa mzee utainyosha mikono yako na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka. Mi sasa nina miaka 81 nanyoosha mikono kuvalishwa shati na mjukuu wangu huyu anayeandika. Mwanzoni nilikuwa nagombana nae. Sasa nanyoosha tu. Nikinyoosha nasema moyoni Bwana ni mimi.

Mwambieni mama jirani kuwa kumvuta mtu kuna wakati wake, na ukivuta kabla hajaachia mtumbwi unamtoa bega. Na mama mwambieni tuko wengi huku.

Mpendwa_Kasulu

Mzee wangu shikamoo mara mia. Nimesoma maneno yako kwa sauti kwenye ibada ya nyumbani leo, mke wangu kalia. Dada mi bado naombea lile jicho la kushoto na sitaacha, lakini kuanzia leo naombea na usiku wake.

binti_wa_mwaloni

Mrejesho wapendwa, samahani nimekawia, dagaa walikuwa wengi wiki hizi mbili nashukuru Mungu.

Nilimsomea mama yote mliyoandika, mengine mara mbili. Kwa mzee wa Gati aliniambia rudia hapo kwenye gunia la mchele. Akacheka. Akasema na yeye alishapanda Liemba akiwa na mimba ya kaka yangu, na alivutwa hivyo hivyo, labda ni yeye.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya nikamwomba Jumamosi tuje kusali kwetu na mama ndo aanzishe. Akakubali hapo hapo, akasema walikuwa wanaogopa kuja wakidhani tumewakasirikia. Kumbe kila mtu alikuwa nyumbani kwake anaogopa.

Jumamosi wakaja, mkeka ukajaa, wengine wakakaa nje kwenye kivuli. Mama kabla ya kuanza akasema ana neno. Akawaambia siku ile nilisema viwili, sikuona viwili, sikuona kitu, nilichoka na nikawaonea huruma watoto wenu, naombeni mnisamehe. Ukimya uliokuwepo hapo siwezi kuuelezea, unasikia kuku wanachakura uani. Yule mama jirani akatoka alipokaa akaja kwa magoti mpaka kwenye mkeka wa mama, hakusema kitu, akaweka tu kichwa chake kwenye mapaja ya mama, na mama akapapasa akamtambua kwa kilemba, akamwambia vilikuwa vingapi? Akasema vinne. Mama akasema eee basi nilikosa vibaya, watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

Akaanzisha Nasadiki. Sauti imepungua lakini ni ile ile. Tendo la pili akapotea, alirudia Salamu Maria zaidi ya kumi maana fundo kubwa lilimponyoka, na hakuna aliyemrekebisha, tulimfuata tu mpaka alipolipata mwenyewe. Tendo la nne kamtaja Simeoni na akamtaja na Ana akasema huyu ni mwenzangu. Baada ya litania mwenyekiti akamuuliza, bibi tukuombee nini. Akasema ile ya mbalamwezi mbele yao wote. Wale wavuvi vijana waliokuwa mlangoni walitazamana, mmoja akasema bibi mi nilikuwa sijui kama kuna mtu anatuhesabu tukitoka.

Wamepanga zamu. Mwezi ukianza kuwa mkubwa kila usiku mtu mmoja anakuja kulala chumba cha mama, saa tatu wanasali Sala ya Mwisho na yale maneno ya Simeoni, na akiamka usiku kuna mtu wa kumjibu. Wale vijana nao wamesema siku hizo ambazo hawavui watakuwa wanapita mbele ya nyumba wakirudi kupumzika wapige hodi kidogo asikie sauti. Padri atakuja Ijumaa ya kwanza na komunyo, na mpako tumemwomba, mama mwenyewe ndo kapiga simu, nilimshikia tu.

Kuhusu upasuaji wa jicho la kushoto, presha ya damu imeshuka kidogo, Jumanne tunarudi kupima.

Mbalamwezi inaanza wiki ijayo. Zamu ya kwanza kaichukua yule mama jirani, kaomba mwenyewe, na jana kashaleta godoro lake.